Jinsi Riwaya Inavyomvusha Kijana

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Babati mjini ni riwaya gani ameisoma kalamu mkononi, mara nyingi atakutajia Takadini ya Ben Hanson. Toleo la Kiswahili lilitoka mwaka 2004, na kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vya sekondari. Kisa chenyewe anakijua vizuri. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojaliwa kuzaa, mtoto ana ualbino, na mila ya kijiji haimruhusu aishi. Mama anambeba na kutoroka naye usiku. Mwanafunzi atakueleza dhamira, ujumbe na msimamo wa mwandishi bila kukwama, maana ndivyo anavyoulizwa kwenye mtihani. Muulize sasa swali la fundi: mwandishi alifanya nini hata tukakubali kwamba mtoto aliyehukumiwa kufa anaweza kukua, kupendwa na kuheshimiwa? Hapo atasita.

Swali hilo nalibeba kwa sababu napewa miswada ya vijana kuisoma, na wengi wao wanaandika juu ya maisha magumu: yatima anayelelewa kwa masimango, msichana aliyeozwa kabla ya wakati, mvulana anayechunga ng'ombe wa watu huku wenzake wakienda shule. Ugumu wanaujua, na kurasa za mwanzo zinauma kweli. Kisha, karibu na mwisho, anatokea mtu ambaye hatujawahi kumsikia. Ameshuka kwenye gari, amemwona mtoto kando ya barabara, amemhurumia, amemlipia ada mpaka chuo kikuu. Wafadhili wa namna hiyo wapo, na wamesomesha watoto wengi wa mkoa huu. Kasoro iko kwenye ujenzi. Msaada umetoka nje ya hadithi, kwa hiyo msomaji anaupokea kama habari tu, bila kuusadiki.

Waandishi waliobobea hufanya kinyume chake. Kile kitakachomwokoa kijana wanakiweka mapema, kwa sababu nyingine kabisa, wakati msomaji hajajua kwamba kitahitajika. Mkulima wa hapa hahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mbaazi zinaingia shambani pamoja na mahindi, na kwa miezi kadhaa macho yote yako kwenye mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi bado zimesimama, na mavuno yake yanakuja baadaye kwenye shamba ambalo mpita njia angedhani limemalizika. Katika riwaya, mateso ndiyo yanayoonekana kwanza. Mwandishi hodari anakuwa amepanda kitu kingine katikati ya mistari ileile.

Takadini yenyewe imejengwa hivyo. Sekai anapopokewa katika kijiji cha mtemi Masasa, anayesimama karibu naye ni mzee Chivero, mganga. Mwanzoni tunamwona Chivero kama mwenyeji mwenye huruma na basi. Lakini mtoto anakua mikononi mwa mzee huyo, anafundishwa uganga, anafundishwa kupiga sansa. Siku msichana Shingai anapoanza kumtazama Takadini kwa jicho jingine, na siku kijiji kinapolazimika kumhesabu kama mtu, hakuna muujiza uliotendeka. Kuna ujuzi uliokuwa ukikusanyika kimyakimya tangu utotoni. Mwandishi hakutwambia hata mara moja kwamba muziki utamwokoa. Alimwacha mtoto ajifunze kwa sababu watoto hujifunza.

Mfano ninaouona umekamilika kuliko yote umo katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya mwaka 2020 ambayo inapita katika utawala wa Wajerumani na Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii. Afiya ni mtoto anayeishi kijijini kwa watu wanaomtumia kama mtumishi. Kaka yake, Ilyas, anamtafuta, anampata, anamchukua mjini, na huko anamfundisha kusoma na kuandika. Sura hiyo ina furaha: kaka na dada, herufi, kicheko. Tunaisoma kama mapumziko. Kisha Ilyas anajiunga na askari wa Wajerumani na kumrudisha mtoto kijijini. Siku moja mwenye nyumba, ambaye Afiya humwita mjomba, anagundua kwamba mtoto anajua kuandika. Anampiga mpaka mkono unavunjika.

Mtoto amevunjwa mkono kwa sababu ya kuandika, na njia pekee ya kutoka mle ndani ni kuandika. Anaandika maneno machache ya kuomba msaada, kikaratasi kinapelekwa mjini kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua. Ujuzi uleule ulimletea kipigo, na ujuzi uleule ukamtoa. Gurnah hahitaji mtu wa kushuka kwenye gari. Khalifa tulishamjua tangu kurasa za mwanzo, kabla hata Afiya hajaingia katika hadithi. Kuandika tumekuona kukifundishwa. Na umbali wa kijiji kile na mji tumeusafiri wenyewe. Kila kipande kilikuwapo, na kilichobaki kwa mwandishi kilikuwa kuviacha vipande vikutane.

Anarudia ufundi huohuo kwa Hamza, kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani akaishia kuwa mtumishi wa afisa mmoja. Afisa yule anamfundisha Kijerumani, na mafundisho hayo yana harufu ya dharau na mchezo wa mwenye nguvu. Wakati wa kusoma unajiuliza lugha hii itamfaa nini mtu huyu, hasa baada ya Feldwebel, sajini wa Kijerumani, kumjeruhi kwa upanga na kumwacha akichechemea. Jibu linakuja mbali sana na vita. Hamza amerudi pwani, anafanya kazi kwenye karakana ya mbao ya Nassor Biashara, anampenda Afiya na hana kitu cha kumpa. Anachukua beti za Schiller, mshairi wa Kijerumani, anazifasiri kwa Kiswahili, anampa. Kitu alichopewa kwa kudhalilishwa kinageuka kuwa cha kwanza kukitoa yeye mwenyewe kwa hiari yake.

Katika hili riwaya ya kihistoria ina sheria yake ambayo mwandishi chipukizi lazima aiheshimu. Hana ruhusa ya kuibadilisha historia ili imfae mhusika wake. Vita vya 1914 hadi 1918 vitapiganwa, wapagazi na wanavijiji watakufa kwa njaa na maradhi, Wajerumani watashindwa na Waingereza watachukua nchi. Hayo msomaji anayajua kabla hajafungua kitabu. Kwa hiyo ushindi wa kijana hauwezi kuwa ushindi juu ya historia. Unakuwa mdogo, wa mtu na mtu, ndani ya historia inayoendelea kusaga: mkono uliopona, nyumba, ndoa, mtoto.

Na zipo riwaya ambazo mwandishi anakataa kumpa kijana hata hicho, naye anakuwa na haki ya kukataa. Gurnah huyohuyo, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948 aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021, alitoa Paradise mwaka 1994. Kwa Kiswahili inaitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na namshauri kila kijana anayeandika Babati aitafute. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana kihoteli katika mji mdogo wa Kawa kwenye njia ya reli. Ami Aziz, mfanyabiashara, anapopita pale, kila mara humwachia Yusuf sarafu. Mtoto anamsubiri mgeni kwa sababu ya ile sarafu. Siku moja anaambiwa ataondoka pamoja na ami, wanapanda treni, na hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Msomaji anajua kabla yake. Khalil, kijana wa dukani ambaye naye yuko pale kwa deni, ndiye anayemweleza bila kumpaka mafuta.

Tazama ile sarafu. Kwenye ukurasa wa kwanza ni zawadi. Tukiujua ukweli, tunairudia akilini na kuona kwamba fedha ndiyo iliyomfunga mtoto kwa mgeni tangu mwanzo. Gurnah amepanda, ila alichopanda ni mtego. Bustani ya Aziz, urafiki wa Khalil, Amina ambaye Yusuf anampenda na ambaye tayari ni mke wa Aziz: kila kitu kizuri katika riwaya hii kimo ndani ya uzio wa mwenye deni. Hakuna ufa. Mwishoni Yusuf anakimbia kufuata msafara wa askari wa Wajerumani, na wasomaji wengi huudhika. Mimi naona ni uamuzi wa mwandishi mkweli kwa mfumo aliouchora. Rehani iliyojengwa kikamilifu namna ile haiwezi kufunguliwa kwa wema wa ghafla. Ilimchukua Gurnah miaka 26 kuifikia Afterlives, ambamo Hamza naye alitolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kisha akakimbilia jeshini, na safari hii kijana akapata njia ya kurudi.

Adam Shafi anapanda watu badala ya ujuzi. Katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Akimkimbia mume huyo, jamaa zake wanamfungia mlango. Kama Shafi angekuwa na haraka, hapo ndipo angemleta mwokozi mgeni. Badala yake Yasmin anamkumbuka Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, na anayekumbukwa tunamwamini. Bukheti naye, kijana aliyekuwa jirani yao Mombasa, anaingia mapema, anatoweka kwa kurasa nyingi hata tunamsahau, kisha anarudi na kuwa mume. Kati ya wawili hao kuna Denge, mwanaharakati aliyesoma Urusi, mwenye maneno makubwa na moyo mkubwa, anayesakwa na polisi wa mkoloni. Ingekuwa rahisi kumfanya yeye ndiye mwokozi. Shafi hakufanya hivyo. Denge anaifungua akili ya Yasmin, lakini siasa za Zanzibar ya miaka ya 1950 zinamng'oa nchini, na maisha ya kila siku yanabaki kuwa kazi ya Mwajuma na Bukheti. Naliona hilo kama jambo la busara kubwa kuliko yote katika kitabu kile.

Katika Kuli ya mwaka 1979 Shafi alikuwa amejifunga kwa kamba ngumu zaidi, maana kiini cha riwaya ni mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, na mgomo ule una matokeo yake yanayojulikana. Rashidi, mtoto wa kuli anayekuwa kuli, hawezi kuupindua utawala mwaka huo. Anachoweza ni kuelewa kwa nini mgongo wake unauzwa kwa bei ile, na kuelewa huko kunapikwa polepole, siku baada ya siku, kwenye kazi yenyewe. Wanaosema kitabu kina mahubiri hawakosei kabisa. Zipo kurasa ambapo mhusika anazungumza kama kiongozi wa chama. Ila mahubiri yale yanavumilika kwa sababu tumeshabeba magunia pamoja na Rashidi kabla ya kuhubiriwa.

Riwaya za kubuni ulimwengu, zile ambazo nchi inaelea hewani au mji mzima unageuka mawe, zina shida ya upande wa pili. Mwandishi wa historia anabanwa mno; mwandishi wa dunia ya kubuni amefunguliwa mno. Akitaka, jini linakuja. Kwa nini basi Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, yenye majini kila kona, bado inatushika?

Kwanza, ameanza na fumbo. Ikibali ametumwa na mfalme Rai kudai kodi kwa Adili, liwali wa Janibu, na usiku anamwona mtu huyu mpole akiwacharaza manyani wawili kwa mjeledi. Tunataka kujua sababu kabla hata hatujajua kwamba Adili aliwahi kuteseka. Baadaye ndipo tunarudishwa ujanani mwake, kwa kaka zake wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu. Pili, aliyemwokoa baharini hakuja hivihivi. Ni Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili alikuwa amemwokoa siku za nyuma alipokutana naye katika umbo la kiumbe dhaifu kinachowindwa, bila kujua ni nani. Kumbe hata jini limepandwa. Jambo la tatu ndilo ninalolisisitiza kwa vijana wanaopenda hadithi za ajabu: muujiza umewekewa gharama. Kaka zake wamegeuzwa manyani, na Adili, aliyeonewa, anatakiwa kuwapiga kila usiku. Ameokoka, ana cheo, ana mali, na kila jua likizama lazima ashike mjeledi dhidi ya ndugu zake wa tumbo moja. Nguvu za kijini hazikumpunguzia mzigo bali zilimbadilishia. Mwandishi anayetoa muujiza wa bure ameua hadithi yake. Shaaban Robert aliutoza muujiza kodi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa Kusadikika, nchi inayoelea hewani, na humo alitumia ufundi nilioueleza kwa Afiya. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Yuko kizimbani, adui yake ni Majivuno, na silaha aliyonayo ni ileile aliyoshtakiwa kwayo. Kwa siku sita anaieleza baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mambo ya kuifaa nchi, wakarudi na kutiwa gerezani. Kila siku ya utetezi inafanya kazi mbili: inamtetea Karama na inaishtaki serikali. Kumbuka mwandishi alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Asingeweza kuyaandika hayo juu ya Tanga au Dar es Salaam. Kuipeleka nchi hewani kulimpa nafasi ya kuisogeza karibu kadiri alivyotaka.

Walenisi ya Katama Mkangi, Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, naipenda kwa mwanzo wake na ninagombana nayo baada ya hapo. Dzombo amehukumiwa kifo na kuingizwa katika chombo cha angani kinachokusudiwa kummaliza, na badala ya kufa anafika katika nchi ambamo watu wamejenga usawa. Mwanzo huo unakukaba koo. Lakini Dzombo akishatua, ugumu wake umekwisha, na kurasa zinazofuata ni za kuelezwa jinsi nchi ile inavyoendeshwa. Ilitoka mwaka 1995 na fikra zake bado ni moto, ila kama ujenzi wa riwaya, shida iliisha mapema kuliko kitabu. Nchi njema nayo ingemtoza Dzombo kitu.

Sasa nirudi kwenye ardhi yetu, kwa sababu nasikia mara nyingi kwamba Manyara haina historia ya kuandikiwa riwaya. Aprili 1916, katika mvua za masika, kikosi cha wapanda farasi cha Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini kilipita Ufiome, hapa chini ya mlima Kwaraa, kikielekea Kondoa Irangi. Farasi walikufa kwa wingi njiani. Kijana wa Kigorowa wa miaka 14 mwaka huo aliona nini? Nani alimchukua kubeba mizigo, na alijua nini cha kumfaa: njia za mlimani, dawa za mifugo, maneno machache ya lugha ya jirani? Mwandishi akimfundisha mojawapo ya hayo mwanzoni, kwenye sura isiyo na vita hata kidogo, atakuwa na riwaya.

Au achukue jambo la karibu zaidi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuingiza mbaazi, na bei huku kwetu ikaporomoka. Uamuzi wa Delhi ukaingia kwenye ada ya mtoto wa Gallapo. Huo ni ugumu wenye mtambo unaoweza kuchorwa kama Gurnah alivyoichora rehani: nani alikopa, kwa nani, kwa dhamana gani, na nani alijua mapema.

Kisa ninachokitamani kuliko vyote kiko Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwenye uwanda wa Basotu, chini ya shirika la umma la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, yakafikia takribani ekari 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Mwandishi hawezi kuibadilisha hukumu hiyo, hata akiichukia.

Mhusika wangu angekuwa msichana aliyepelekwa shule kwa bahati, anayewatafsiria wazee wake Kiswahili. Katika sura ya pili angekuwa anatafsiri dukani tu, bei ya sukari na chumvi, na wazee wakimcheka kwa matamshi yake. Angefika mahakamani akiwa na uzoefu huo na hakuna zaidi. Kesi ingeshinda, kisha ingeshindwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sehemu ngumu kwa mwandishi ni baada ya hukumu ya 1985: ule ujuzi wa kutafsiri, ambao haukuiokoa ardhi, uvunwe wapi? Nimefikiria awe mwalimu, nikaona ni rahisi mno. Nimefikiria awe anakusanya kutoka kwa wazee majina ya visima na makaburi yaliyolimwa juu yake, moja baada ya jingine, kwa Kibarbaig na kwa Kiswahili, katika daftari la shule. Hapo naona riwaya inaanza kusimama, kwa sharti kwamba daftari lenyewe liwe limenunuliwa kwenye lile duka la sura ya pili.